BANGI NA BONGO: KWA SABABU GANI KIJANA MUMOJA ANAPONA, NA MWINGINE ANAPATA WAZIMU?



Siku moja kijana wa miaka 19 aliletwa kwetu hospitali juu ya kinga, mikono yake imefungwa kamba. Alikuwa anatumika kwenye mashimo ya zahabu. Mama yake alisema: "Ni miezi 3 sasa halali usiku. Anajibizana na watu wenye hatuoni." Baba yake mudogo alisema: "Amelogwa. Kuko mutu alimuonea wivu juu ya zahabu." Yaya wake akamukata maneno: "Ni bangi, ni bangi tu!" Wakaanza kugombana mbele ya mulango wa kupokea wagonjwa, na mugonjwa mwenyewe akabaki juani.

Mudogo wake wa miaka 16 hakusema neno. Nyuma, wakati wengine walikuwa ndani, alinifuata pembeni. Aliniambia: "Mama, sisi wawili tulivuta pamoja. Bangi ile ile, siku zile zile. Kwa sababu gani yeye ameharibika kichwa, na mimi hapana? Ao zamu yangu inakuja?"

Kesho yake nilipeleka ulizo lile mbele ya wanafunzi wa masomo ya uuguzi. Mumoja akaongeza lingine: "Mama Mwalimu, bangi ni majani ya shamba. Bongo ya mutu inayajua namna gani? Nani aliyatengenezea mulango ndani ya kichwa?"

Ndani ya karatasi hizi tutajibu maulizo haya mawili. Tutaanza na lile la mwanafunzi, kwa maana bila hilo hatutafahamu lile la mudogo.

1. BONGO INATUMIKA KWA WAJUMBE

Ndani ya bongo ya mutu mukubwa kuko chembe za mishipa ya fahamu karibu miliari 86. Kila chembe inaongea na chembe nyingine nyingi, lakini hazishikani. Kati yao kuko nafasi ndogo sana, sawa muto mudogo kati ya vijiji viwili. Chembe ya kwanza inapotaka kusema neno, inatupa ndani ya nafasi ile kitu kidogo sawa dawa. Tukiite mujumbe. Mujumbe anavuka, anafika ngambo, anaingia ndani ya kufuli yake sawa ufunguo. Chembe ya pili inasikia neno.

Kuko wajumbe wa namna nyingi. Mumoja anaitwa glutamati. Yeye anasema: "Amuka, tumika!" Mwingine anaitwa gaba. Yeye anasema: "Tulia." Wa tatu anaitwa dopamini. Yeye anasema: "Angalia! Kitu hiki ni cha maana kwako." Shika sana jina hili la dopamini. Tutalirudilia.

2. BONGO INATENGENEZA KITU SAWA BANGI

Bangi si kitu cha leo. Katika mwaka wa 1881 Wadachi wawili, Paul Pogge na Hermann von Wissmann, walifika Kasai kwa mukubwa Kalamba Mukenge wa Bashilange. Walikuta watu wanavuta bangi pamoja kuwa alama ya urafiki. Walijiita Bena Diamba, maana yake watu wa bangi. Lakini wakati ule hakuna mutu, hapa kwetu wala Ulaya, aliyejua ni kitu gani ndani ya majani kinachogeuza kichwa.

Katika mwaka wa 1964, Raphael Mechoulam na mwenzake Yehiel Gaoni, katika inchi ya Israeli, walitenga kitu kile kikiwa safi na kuonyesha namna kilivyojengwa. Jina lake kwa ufupi ni THC. Lakini kilitumika namna gani? Ilipita miaka 24 mbele ya kupata jibu. Katika mwaka wa 1988, Allyn Howlett na William Devane, katika muji wa Saint Louis kule Marekani, walionyesha kwamba ndani ya bongo ya panya kuko kufuli ambayo kitu cha bangi kinaingia ndani yake sawasawa. Kufuli ile inaitwa CB1. Iko nyingi sana katika bongo: pahali pa kukumbuka, pahali pa kupima mambo na kukata shauri, pahali pa kusimamia mwendo, pahali pa woga na furaha.

Sasa fikiri, musomaji. Ukikuta kufuli ndani ya nyumba, utasema iliwekwa juu ya mwizi? Hapana. Iliwekwa juu ya mwenye nyumba, naye anapashwa kuwa na ufunguo wake. Ndiyo wale watu wa elimu walitafuta ufunguo wa mwenyewe. Katika mwaka wa 1992, kule Yerusalema, Devane, Lumír Hanuš na Mechoulam waliupata ndani ya bongo ya nguruwe. Waliuita anandamidi. Jina hili linatoka katika luga ya zamani ya Wahindi, ambamo "ananda" ni furaha. Katika mwaka wa 1995 ufunguo wa pili ulipatikana, unaitwa 2-AG. Mwili wako na wangu unatengeneza vitu hivi viwili kila siku, hata kama hatujavuta bangi hata siku moja.

Jibu kwa mwanafunzi ni hili: hakuna mutu aliyetengenezea bangi mulango. Mulango ni wa bongo yenyewe. Bangi ni ufunguo wa kuiga ambao, kwa bahati mbaya, unaingia.

3. KAZI YA UFUNGUO HUU NI KUKAMATA FRENI

Tulisema kwamba mujumbe anatoka ku chembe ya kwanza na kwenda ku chembe ya pili. Anandamidi na 2-AG wanafanya kinyume. Wanatoka ku chembe ya pili na kurudi nyuma ku chembe ya kwanza. Wanapeleka neno moja: "Imetosha. Punguza." Chembe ya kwanza inasikia, inapunguza kutupa wajumbe. Jambo hili lilionyeshwa wazi katika mwaka wa 2001.

Ni sawa mutu ambaye anamiminiwa maji katika kikombe. Anapoona kikombe kinakaribia kujaa, anainua mukono: "Basi, basi." Kama hakuna wa kuinua mukono, maji yatamwangika.

Tazama namna freni hii ilivyo na akili. Inatengenezwa wakati ule ule inapohitajiwa, si mbele. Inatumika pahali pale pale, si pahali pengine. Na nyuma ya wakati mufupi sana inavunjwa na kuisha. Shofere muzuri anaposhuka mulima anafanya vile vile: anakanyaga kidogo, anaachilia, anakanyaga tena.

4. WAKATI BANGI INAINGIA KUTOKA INJE

Mutu anapovuta bangi, THC inapita ndani ya mapafu, inaingia ndani ya damu, na ndani ya dakika chache imefika ku bongo. Inaingia ndani ya kufuli CB1. Lakini haina akili ya freni ya kweli.

Kwanza, haichagui pahali. Inakamata freni pahali pote kwa mara moja. Ndiyo sababu mutu anasahau neno alilosema sasa hivi, anaona saa inatembea polepole, anasikia njaa, anacheka bure, ao anashikwa na woga.

Pili, haivunjwi upesi. Kichwa kinabaki kimegeuka kwa masaa. Tena THC inapenda mafuta, inajificha ndani ya mafuta ya mwili. Kwa mutu anayevuta kila siku, alama zake zinaweza kuonekana ndani ya mukojo kwa majuma mengi.

Tatu, bongo inachoka nayo. Freni ikikanyagwa kila siku, bongo inapunguza kufuli zake. Sasa hata anandamidi ya mwili wenyewe haipati pahali pa kutosha pa kuingia. Lakini sikia habari njema: watu waliopigwa picha za bongo walionekana kwamba kufuli zinarudi wakati mutu anapoacha, na nyuma ya karibu majuma 4 katika sehemu nyingi za bongo zimerudi. Basi kuacha si bure hata kidogo.

5. SKIZOFRENIA NI UGONJWA GANI?

Watu wengi wanaita kila wazimu kwa jina moja. Lakini wazimu ni wa namna nyingi. Skizofrenia ni ugonjwa wa bongo unaokawia, si wa siku moja. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 15 na 30, wakati ule kijana anapotaka kuoa, kumaliza masomo, kutafuta kazi. Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba watu karibu milioni 24 wanao duniani, ni kusema karibu mutu 1 katika watu 300. Uko katika inchi zote na katika makabila yote.

Alama zake ni hizi:
– Mugonjwa anasikia sauti za watu wasiokuwa pale. Sauti zinamutukana ao zinamupa amri.
– Anaamini mambo ambayo hakuna mutu anaweza kumuondolea: kwamba polisi wanamufuata, kwamba radio inataja jina lake, kwamba mama yake anamutilia sumu ndani ya bugali.
– Maneno yake hayafuatane. Anaanza na habari ya shamba, anaisha na habari ya ndege.
– Anaacha kunawa, anaacha rafiki, anakaa peke yake, uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Alama hizi za kunyamaza watu wanaziita uvivu. Si uvivu. Ni ugonjwa.

Alama hizi zinakaa mwezi 1 ao zaidi. Mutu aliyevuta bangi nyingi anaweza kusikia sauti na kuogopa kwa masaa machache ao siku chache, kiisha anarudi sawa zamani. Hiyo si skizofrenia bado. Lakini ni kengele. Mutu ambaye bangi imemufanya vile hata mara moja anapashwa kuogopa kuigusa tena, kwa maana kati ya watu kama yeye wengi wanapata ugonjwa wa kweli nyuma.

6. HESABU INASEMA NINI JUU YA BANGI NA SKIZOFRENIA?

Katika inchi ya Swedi, vijana 45,570 walioitwa kazi ya askari katika miaka ya 1969 na 1970 waliulizwa kama walivuta bangi. Walifuatwa kwa miaka 15. Katika mwaka wa 1987 hesabu ilitolewa: wale waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara 6 kuliko wale ambao hawakuvuta.

Katika muji wa Dunedin, New Zealand, watoto waliozaliwa katika miaka ya 1972 na 1973 walifuatwa tangu utoto. Katika mwaka wa 2002 ilionekana kwamba kati ya wale waliovuta mbele ya kutimiza miaka 15, karibu 10 katika 100 walikuwa na ugonjwa wa namna ya skizofrenia walipofikia miaka 26. Kati ya wale wasiovuta ilikuwa 3 katika 100.

Na katika mwaka wa 2019 hesabu ilitoka katika miji ya Ulaya na ya Brazili. Waliovuta kila siku walikuwa na hatari ya kupata wazimu karibu mara 3. Waliovuta kila siku bangi yenye nguvu sana, karibu mara 5.

Angalia vizuri, usisome hesabu hizi vibaya. Hata katika Dunedin, kati ya watoto 100 waliovuta mapema, 90 hawakupata ugonjwa ule. Tena, kuko wagonjwa wengi wa skizofrenia ambao hawajaonja bangi hata siku moja. Na wengine walianza kuvuta kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kimya, nao walitafuta kutuliza kichwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema "bangi ni skizofrenia". Tunasema hivi: bangi ni mukono mumoja kati ya mikono inayosukuma mutu. Lakini ni mukono tunaoweza kuuondoa.

7. FRENI INAHARIBIKA NAMNA GANI?

Sasa tukumbuke dopamini, mujumbe anayesema "Angalia, kitu hiki ni cha maana." Katika bongo ya mugonjwa wa skizofrenia anayesikia sauti, dopamini inamwangwa zaidi katika sehemu fulani ya ndani ya bongo. Basi kila kitu kinaonekana kuwa na maana. Mutu anakohoa njiani: ni alama. Mbwa anabweka: ni juu yangu. Jirani anafunga dirisha: wameshauriana kuniua. Mugonjwa hasemi uwongo. Bongo yake inamupigia kengele kwa mambo ya bure, na yeye anatafuta maana ya kengele.

THC inaongeza matata haya kwa njia ya ajabu. Kumbuka gaba, mujumbe wa kutuliza. Yeye naye ana kufuli CB1 nyingi. THC inapokamata freni ya gaba, inakamata yule aliyekuwa anatuliza wengine. Ni sawa kumufunga mulinzi wa usiku: hakuna wa kuwazuia wengine. Wajumbe wengine, na dopamini pia, wanaweza kupita mupaka.

Katika mwaka wa 2004 waganga wa Marekani walitoa habari ya watu wazima wenye afya ambao walikubali wenyewe kupigwa THC ndani ya mushipa. Kwa muda mufupi walianza kuwazia watu vibaya, maneno yao yakapotea, wakaona mambo tofauti na yalivyo. Nyuma ya masaa ilipita. Ilikuwa sawa kivuli kidogo cha skizofrenia.

Kuko jambo lingine la kushangaza. Waganga wa Udachi walipima maji yanayozunguka bongo na uti wa mugongo kwa wagonjwa ambao hawajapata dawa bado. Katika mwaka wa 2004 walitoa habari kwamba anandamidi ilikuwa karibu mara 8 kuliko kwa watu wazima wa afya. Je, anandamidi ndiyo iliyoleta ugonjwa? Inaonekana si vile, kwa maana wale waliokuwa nayo nyingi zaidi walikuwa na alama kidogo zaidi. Basi waganga wale walifikiri kwamba bongo inajipigania: dopamini inapozidi, bongo inamwanga anandamidi kuwa freni. Na kwa wagonjwa waliokuwa wakivuta bangi mara nyingi, anandamidi haikupanda vile. Kama mawazo haya ni ya kweli, bangi inamunyanganya mugonjwa silaha yake mwenyewe wakati wa vita.

8. KWA SABABU GANI MUMOJA NA SI MWINGINE?

Hapa tunamujibu mudogo wa yule kijana. Sababu kubwa ni 4.

a) Damu ya jamaa. Kama baba ao mama ana skizofrenia, mutoto ana hatari karibu 1 katika 10, wakati watu wengine ni karibu 1 katika 100. Lakini hata mapacha waliofanana kabisa, mumoja akigonjwa, mara nyingi mwingine anabaki muzima. Basi damu inatayarisha kuni, lakini hailazimishe moto.

b) Miaka. Bongo ya kijana haijamalizika. Inaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25. Katika miaka ya ujana bongo inakata njia zisizohitajiwa na kukaza zile za kazi, sawa mulimaji anayepunguza mimea ili mengine izae. Anandamidi na 2-AG wanasaidia kazi hii. Ukileta THC kila siku wakati huu, ni kumwingiza mutu asiyejua kazi ndani ya shamba na kumupa jembe.

c) Nguvu na wingi. Mara moja si sawa na kila siku. Na bangi si moja. Kule Marekani, bangi iliyokamatwa katika mwaka wa 1995 ilikuwa na THC karibu 4 katika 100. Katika mwaka wa 2014 ilikuwa karibu 12. Kwa hiyo mutu anayesema "Wazee walivuta, hawakupata kitu" anapashwa kujua kwamba pengine havuti kitu kile walichovuta. Tena asahau kidogo wale wazee waliobaki wazima, akumbuke mutu wa kijiji chake aliyekuwa akizungukazunguka sokoni bila nguo.

d) Mizigo mingine. Shida wakati wa kuzaliwa, mapigo ya utoto, vita, kukimbia vijiji. Watoto wetu wengi wamebeba mizigo hii. Wengi wanavuta ili wasahau. Tunafahamu. Lakini bangi inakopesha usingizi na kulipisha akili.

9. BANGI INAWEZA KUWA DAWA YA UGONJWA HUU?

Wengine wamesikia kwamba ndani ya bangi kuko dawa. Si uwongo wote. Ndani ya majani kuko kitu kingine kinachoitwa kanabidioli. Hakilevyi sawa THC. Katika mwaka wa 2012 waganga wa Udachi walitoa habari ya wagonjwa karibu 40: wengine walipewa kanabidioli safi, wengine dawa ya kawaida. Wote wawili walipata nafuu, na kanabidioli ilipandisha anandamidi. Nyuma ya pale wengine walijaribu, mara ilisaidia kidogo, mara haikusaidia. Kwa hiyo haijachukua nafasi ya dawa tunazozijua.

Lakini usidanganyike. Kanabidioli safi iliyopimwa si majani ya shambani. Majani yana THC. Mugonjwa wa skizofrenia anayeendelea kuvuta bangi anarudi hospitali mara nyingi zaidi kuliko yule aliyeacha.

10. UFANYE NINI KAMA MUTU WA NYUMBA YAKO AMEGEUKA?

Kwanza, umulete upesi ku hospitali ao ku kituo cha afya. Usiseme mara moja "ni bangi" ao "ni ulozi". Hapa kwetu mutu anayepotewa na akili kwa gafula, zaidi sana akiwa na homa ao akiumwa kichwa, anaweza kuwa na malaria ya kichwa, ao homa ya uti wa mugongo. Akigeuka polepole na kulala muchana, anaweza kuwa na ugonjwa wa usingizi. Magonjwa haya yanaua, na yanaponyeka kama tunayapata mapema. Damu inapashwa kupimwa kwanza.

Pili, usimufunge mnyororo, usimupige, usimunyime chakula. Kamba haishushe dopamini. Kama ana hatari kwa wengine, watu wenye nguvu na upole wamushike na kumuleta. Kumuombea ni vizuri, na sisi tunafanya. Lakini mutu asimwambie kwamba maombi yanakataza kidonge.

Tatu, umupe dawa sawasawa. Dawa ya kwanza, klorpromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa hawa kule Paris katika mwaka wa 1952. Haloperidoli ilitengenezwa Ubeljiji katika mwaka wa 1958. Zote mbili zinatumiwa mpaka leo, na bei yake si kubwa sawa dawa nyingine. Zinafunga kufuli za dopamini. Sauti hazinyamaze siku ya kwanza. Inahitaji majuma. Kama shingo inakauka, mikono inatetemeka ao ulimi unavutwa, usitupe dawa. Rudi kwa munganga, kuko dawa nyingine ya kuondoa shida hii. Kwa ugonjwa mugumu, kuko hospitali za magonjwa ya akili, kama Sosame kule Bukavu.

Ine, usikatize dawa kwa sababu amepona. Alipona kwa sababu anakunywa.

Tano, umusaidie kuacha bangi bila matusi. Siku za kwanza atakosa usingizi, atakasirika upesi, chakula hakitamupendeza. Inapita nyuma ya majuma machache. Umupe kazi ndogo, umutembeze, umutenge na rafiki wa kuvuta.

11. KIJANA ALE NA MUDOGO WAKE

Damu ya kijana ilipimwa, hakukuwa malaria. Alipewa haloperidoli. Katika juma la tatu alituambia kwamba sauti zinaongea sasa kwa mbali, sawa watu wa ngambo ya muto. Akarudi nyumbani. Nyuma ya miezi 2 aliacha vidonge, akarudi ku mashimo na ku bangi, na tulimuona tena juu ya kinga ile ile. Mara ya pili jamaa walikuwa wamefahamu. Hawakugombana mbele ya mulango. Baba mudogo ndiye aliyemushika mukono, bila kamba.

Na mudogo? Nilimujibu hivi: "Mutoto wangu, sijasema zamu yako inakuja. Lakini wewe ni damu moja naye, una miaka 16, na bongo yako inajengwa bado. Kuni ziko ndani ya nyumba yako. Usilete moto." Alitoa kifurushi kutoka mufuko wa suruali, akakiweka juu ya meza yangu, akatoka bila kuaga. Leo ndiye anayekuja kila mwezi kuchukua dawa ya mukubwa wake.

UJIULIZE:
1. Anandamidi inatoka wapi, na kazi yake ni nini?
2. Kwa sababu gani bangi ni hatari zaidi kwa kijana wa miaka 15 kuliko kwa mutu wa miaka 40?
3. Je, kila mutu anayevuta bangi atapata skizofrenia? Eleza.
4. Mutu amegeuka akili na ana homa. Utafanya nini kwanza?
5. Ndani ya jamaa yako kuko mutu aliyepata wazimu? Kama yuko, watoto wa nyumba ile wanajua habari ya karatasi hizi? Uwasomee leo.